Baridi ya Duluth: maswali ya wanaokwenda, na ya mama zao

Niliishi Duluth, Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2019. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimetoka Tanga, na nilikwenda kwa programu ya YES, ile ya kubadilishana wanafunzi ambayo serikali ya Marekani iliianzisha mwaka 2002. Tangu nirudi, kila majina ya waliochaguliwa yanapotoka simu yangu haipumui. Kwanza huuliza wasichana wenyewe. Baada ya siku mbili huja mama zao, kisha mashangazi. Maswali ni yale yale, na karibu yote yanahusu baridi. Nimeyaandika kama yanavyonijia, bila kuyapanga kwa uzito.

Ni baridi kuliko Lushoto?

Mdogo wangu, Lushoto ya Julai ni mzaha. Nenda duka lolote linalouza samaki wa friza, fungua mfuniko, ingiza mkono hadi kiwiko. Friza hiyo ikifanya kazi vizuri ina nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiku wa Januari pale Duluth ndio huo, na hapo sijasema usiku mbaya. Nasema wa kawaida.

Mbaya nao niliuona. Mwisho wa Januari 2019 hewa ya ncha ya kaskazini ilishuka ikatukalia siku kadhaa. Tarehe 30, uwanja wa ndege wa Minneapolis, ambako ni kusini kwetu na huwa kuna nafuu, walipima nyuzi 33 chini ya sifuri, na ukijumlisha upepo mwili ulikuwa unahisi 48. Siku hiyo posta ya Marekani ilisimamisha kusambaza barua jimboni. Baba mwenyeji alinionyesha habari hiyo kwenye simu kwa fahari kidogo, kama mtu anayekuonyesha mbwa wake mkali. Akaongeza kwamba hiyo si kitu: tarehe 2 Februari 1996 kijiji cha Tower, huko huko kaskazini, kilifika nyuzi 51 chini ya sifuri, na hakuna siku iliyowahi kuivunja rekodi hiyo Minnesota.

Bila kipimo utajua kwa pua. Ukivuta pumzi ya kwanza nje ya mlango, vinyweleo vya ndani ya pua vinaganda, unahisi kama umevuta sindano. Na theluji ikiwa ya baridi kali hulia chini ya kiatu, kwi kwi kwi, kama unga wa muhogo unaobanwa ndani ya mfuko.

Mbona wao wanasema nyuzi 20 halafu wanatetemeka?

Wanapima kwa Farenhaiti. Toa 32, gawanya kwa 1.8. Ishirini yao ni karibu saba chini ya sifuri yetu. Ukifika 40 chini ya sifuri vipimo vyote viwili vinakutana, na hapo hamna tena haja ya hesabu.

Theluji ikoje? Ni kama barafu?

Kwetu Tanga barafu ni ile ya ubuyu au ukwaju kwenye kifuko, unaing'ata pembe na kuifyonza. Theluji ni kitu kingine. Ni nyepesi, inashuka bila sauti, na inameza sauti za vingine vyote. Asubuhi ya kwanza niliamka nikadhani nimeziba masikio. Nilitoka nje na kandambili. Nilikaa kama sekunde kumi, nikarudi mbio, na mpaka leo familia ile inayo picha ya nyayo zangu: sita za kwenda, tatu za kurudi.

Kwa mwaka wa kawaida Duluth hupata zaidi ya mita mbili za theluji, ukijumlisha kila inapoanguka. Mimi niliondoka nikidhani nimeona yote. Msimu wa 2022 hadi 2023 walipata sentimita 356, rekodi ya mji, na baba mwenyeji alinitumia picha ya paa la gari lao likichungulia.

Na kuhusu barafu ya ubuyu: niliitengeneza. Hawana haja ya friza kipindi kile, sufuria ya supu iliyobaki inawekwa barazani nyuma ya nyumba na kufunikwa. Nilichanganya ubuyu alionifungia mama, nikajaza vifuko, nikavipanga nje kwenye ngazi. Baada ya saa moja na kitu tayari. Mdogo wangu wa kule, wa miaka saba, alikula vinne akiwa amevaa kofia ya sufu.

Ninunue koti hapa au kule?

Kule. Usihangaike Karume wala Gikomba. Makoti mazito unayoyaona kwenye mitumba yetu mengi ni ya baridi ndogo, ya Oktoba. Na kumbuka mitumba inatoka wapi: huko ndiko inakozaliwa. Kuna maduka makubwa ya nguo zilizotumika, safi, zimepangwa kwa saizi, bei ya kueleweka. Kabla hata ya kwenda dukani, uliza nyumbani. Familia za kule zina chumba cha chini ya nyumba, na ndani yake kuna makoti ya watoto waliokua wakahama. Langu lilikuwa la binti yao mkubwa, rangi ya machungwa, linaonekana kutoka mwezini. Wiki ya kwanza niliona aibu. Baadaye nilielewa kwamba mtu anayetembea kando ya barabara saa kumi na moja jioni, giza, magari yakiteleza, anataka kuonekana kutoka mwezini.

Siri ni kuvaa tabaka. La kwanza linabana mwili na lisiwe pamba, kwa sababu pamba ikinywa jasho haikauki, na jasho likipoa ndilo linalokuua. La pili sufu au sweta la manyoya manyoya. La juu lizuie upepo. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene. Buti inayobana inakata damu, na mguu usio na damu hauna joto hata ukivaa soksi sita. Glavu chukua zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, maana vidole vinapashana. Zangu zilikuwa za ngozi ya paa, na sufu ndani.

Utawaona wanafunzi wenzako wamevaa kaptula nyuzi kumi chini ya sifuri. Waache. Wana gari linalowasubiri likiwa limeshawashwa.

Hijabu itanisumbua?

Hijabu ni neema, na wenzangu walinionea wivu. Ila mambo matatu. Pini za chuma zinabeba baridi hadi kwenye ngozi, na hereni ndio kabisa. Nilizivua Novemba nikazivaa Aprili. Kofia ya sufu inakaa juu ya hijabu nyembamba, usivae nene mbili zikakubana kichwa. Na pumzi yako inalowesha kitambaa cha kidevuni, kinaganda, kinakuwa kigumu kama kadi ya harusi. Beba kingine kikavu kwenye begi la shule.

Ngozi na nywele?

Hewa ya ndani ya nyumba inapashwa kutwa kucha, imekauka kama ya jikoni. Midomo inapasuka, pua inatoka damu bila sababu, na ukigusa kitasa cha mlango unapigwa cheche. Mafuta ya nazi niliyobeba yaligeuka jiwe jeupe siku ya pili. Nazi huganda ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na nyumba yao ilikuwa inakaa kwenye 19. Niliiweka chupa karibu na tundu la joto. Jipake mwili ukiwa bado na unyevu wa kuoga, na maji yasiwe ya moto sana ingawa utayatamani. Nywele usitoke nazo mbichi. Mimi nilitoka na mabutu yamelowa, yakawa vijiti.

Hapa nataka usome taratibu. Kule wanafundishwa kwamba ngozi iliyoumwa na baridi inakuwa nyekundu, kisha nyeupe. Kwetu wekundu hauonekani vizuri. Angalia weupe wa kama majivu au nta, na zaidi ya hapo angalia ganzi: mahali palipokuwa pakiuma pakinyamaza, ingia ndani. Usisugue. Weka kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sababu ngozi yenye ganzi inaungua bila kukuambia. Pakibaki peupe au pakitoka malengelenge, hospitali.

Niwaite nani? Mama? Baba? Au majina?

Wao walisema niwaite majina yao ya kwanza. Sikuweza. Kumwita mtu mwenye mvi kwa jina lake tupu ulimi wangu ulikataa, nikapitisha wiki mbili nzima bila kuwaita chochote, nakohoa nikitaka chumvi. Mwishowe niliwaeleza kwamba kwetu mtoto hamwiti mkubwa hivyo. Mama mwenyeji akacheka, akasema basi "Mama" iwe, kwa Kiswahili, kwani binti zake wa kuzaa hawatumii neno hilo na halitachanganya. Yule mdogo nilimfundisha shikamoo. Akagundua kwamba baba yake anaipenda, ikawa shikamoo inatangulia kila anapotaka hela.

Ni kweli wanalipwa kukaa nasi?

Hapana. Kwa viza ile ya wanafunzi wa sekondari, familia hujitolea. Chakula unachokula na gesi inayokupasha joto vinatoka mfukoni mwao. Ndiyo maana swali linalofuata lina majibu mawili.

Nikisikia baridi ndani ya nyumba, nitaonekana msumbufu nikisema?

Sema. Mimi sikusema, nikalipa.

Chumba changu kilikuwa cha chini, kile cha nusu ardhini. Mwanzoni mwa Novemba kikawa baridi sana. Nililala na koti, soksi mbili na kanga zote tatu za zawadi ambazo nilikuwa sijazitoa bado. Asubuhi mama mwenyeji akiuliza nimelalaje, najibu vizuri sana, ahsante. Ndivyo nilivyolelewa: mgeni hasemi chakula hakina chumvi. Wiki tatu hivyo. Siku moja akaingia kuchukua nguo za kufua, akakuta koti limelala kitandani limefunikwa shuka. Aliketi chini. Sikujua kama amekasirika au anataka kulia. Kisha akainuka, akalisukuma begi langu kubwa kwa mguu, na kutoka sakafuni upepo wa moto ukatupiga usoni sote wawili.

Nyumba za kule mashine ya joto iko chini, na joto linapanda kupitia matundu yenye wavu sakafuni. Nilikuwa nimeegesha begi juu ya tundu langu tangu Agosti.

Jibu la pili: kusema si kupandisha joto la nyumba nzima. Kipimo cha ukutani usikiguse bila kuuliza. Kwenye nyumba nyingi hicho ndicho chanzo cha ugomvi wa mke na mume. Omba blanketi, omba hita ndogo kama wanayo, vaa sweta ndani. Na mlango, tafadhali. Sisi mlango unakaa wazi kutwa, mtu anapita anapiga hodi. Kule nilisimama mlangoni namuaga rafiki, nikasikia nyumba nzima inaniita kwa sauti moja: mlango!

Nitapewa kazi za nyumbani?

Hutapewa. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Kwetu mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; na akishapewa anajua sasa ni wa nyumbani. Watu wa Minnesota hawakupi jembe. Wana adabu mno. Wanasubiri ulichukue mwenyewe, na usipolichukua hawasemi kitu, wanaendelea kukukaribisha kama mgeni hadi Juni.

Theluji mbili za kwanza nilimwangalia baba mwenyeji kupitia dirishani akichota. Mtu wa miaka sitini, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa moyo. Kuchota theluji iliyolowa ni kazi nzito kweli, na kila mwaka kuna wanaume wa umri wake wanaodondokea hapo hapo kwenye njia ya gari na beleshi mkononi. Mimi nakunywa chokoleti ya moto, namwonea huruma. Theluji ya tatu nilivaa koti langu la machungwa nikatoka. Hakusema neno. Aliingia gereji akatoka na beleshi dogo, la mtoto, lenye mpini wa bluu.

Alinifundisha kusukuma badala ya kuinua, na kuchota kabla gari halijaikanyaga, kwa kuwa ikikanyagwa inakuwa saruji. Miji mingi kule ina sheria ya kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yako ndani ya muda fulani, kwa hiyo huchoti ua wako tu, unamchotea na mpita njia. Na ukimaliza, ukasimama unajipongeza, greda la mji linapita na kukusukumia ukuta mpya pale pale mdomoni mwa njia yako. Siku hiyo nilijifunza matusi mawili ya Kinorwe.

Kuanzia jioni ile mambo yalibadilika. Nilianza kuambiwa: vyombo leo ni zamu yako. Mama mwenyeji alinifokea kwa kuacha taulo sakafuni, mara ya kwanza kunifokea. Nilimpigia mama yangu Tanga nikamwambia, akasema, "Alhamdulillah, umefika."

Giza likoje?

Baridi ina koti. Giza halina. Mwezi wa Desemba jua la Duluth linachomoza karibu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Nilipanda basi la shule gizani, nikashuka gizani. Jua lenyewe likitoka liko chini, limepauka, halichomi.

Kati ya Desemba na Januari nilianza kulala kama aliyelogwa. Viungo vizito, hamu ya mikate tu, machozi yanakuja kwenye kipindi cha hesabu. Nikajua hii ni malaria. Nilimwomba mama mwenyeji anipeleke kupimwa malaria, na daktari, Mungu ambariki, hakucheka. Alipima damu akaniambia vitamini D iko chini sana. Akanieleza: ngozi inatengeneza vitamini hiyo kwa jua, jua la kipindi kile upande ule wa dunia liko chini mno kuweza kufanya kazi hiyo, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ya nyeupe. Akaandika vidonge. Kuhusu machozi alisema yana jina, ni huzuni ya majira, daktari aitwaye Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu mwaka 1984, na wenyeji wenyewe inawapata. Tukanunua taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000, nikawa naketi mbele yake nusu saa kila asubuhi huku nakula uji wa shayiri. Na nilitakiwa kutoka nje mchana, kila siku, hata dakika ishirini.

Nini kilisaidia zaidi, taa, vidonge au kutembea? Mimi nasema bibi jirani, ambaye nilianza kumchotea theluji na yeye ananiita ndani kunipigisha soga. Daktari anaweza kuwa na jibu lake. Ikikuzidi, ikifika hutaki kuamka au hutaki kuwa hai, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo: mama mwenyeji, mwalimu, mratibu wa programu. Usingoje ukapige simu nyumbani. Nyumbani watalia tu.

Shikamoo mama, binti yangu atakula nini?

Nimekuwa mama mapema, marahaba. Atakula, mama yangu, usiwe na wasiwasi. Chakula chao cha baridi ni bakuli moja la kuoka: nyama ya kusaga, supu nzito ya uyoga ya kopo, juu yake vipande vya viazi vya kukaanga, linaingia kwenye oveni. Halina pilipili, halina bizari, na baada ya kuchota theluji ni tamu. Wanao pia mchele wa porini, mweusi, mrefu, ambao kwa kweli ni mbegu ya nyasi ya majini. Watu wa Ojibwe, wenyeji wa asili wa maziwa yale, huuvuna kwa mitumbwi na huuita manoomin. Huo ukipikwa na uyoga na tui, ondoa shaka. Tui la kopo linapatikana.

Kama anakula halali aseme siku ya kwanza, tena kwa kutaja vitu kimoja kimoja. Wenyeji wangu walijua nguruwe. Hawakujua kwamba vile vipande vyeupe laini vinavyoelea kwenye chokoleti ya moto mara nyingi vina jelatini ya nguruwe. Mimi pia sikujua, niligundua kikombe cha tatu. Nyama tulikuwa tunaifuata Minneapolis, saa mbili na nusu kwa gari, kwenye maduka ya Wasomali. Pale nilisikia mwanamke nyuma ya kaunta anamgombeza mwanawe kwa Kiswahili cha Nairobi. Wengi wao walipitia Kenya. Nililia kwenye foleni ya nyama ya mbuzi, akanipa sambusa bure.

Mfungie bizari ya pilau, iliki, na ubuyu, vyote vikiwa vikavu na kwenye pakiti zilizofungwa vizuri.

Sala na funga?

Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zimebanana kati ya saa sita na saa kumi na nusu. Shule yangu walinipa chumba nilipoomba. Kibla kutoka kule ni kaskazini mashariki, usishangae. Ramadhani yangu iliangukia Mei, zaidi ya saa kumi na sita kwa siku. Ninyi mnaokwenda miaka hii inaangukia Februari, saa kumi na mbili hivi, pungufu ya Tanga. Mmependelewa.

Shule inafungwa theluji ikizidi?

Wakati mwingine inafungwa, wakati mwingine inachelewa saa mbili. Tarehe 6 Januari 2014 gavana Mark Dayton alifunga shule za serikali za jimbo zima kwa sababu ya baridi tu. Watoto wana uganga wao: unalala umevaa pajama ndani nje, na unatupa vipande vya barafu chooni kabla ya kulala, ili asubuhi shule isiwepo. Nilifanya. Ilifanya kazi mara moja kati ya tano, ambayo si mbaya kwa uganga.

Wanajifurahishaje?

Wanatoka nje, ndiyo ajabu yenyewe. Tulivua samaki juu ya ziwa lililoganda: unatoboa tundu kwa keekee kubwa, unaketi kwenye kiti, unateremsha ndoano, unangoja. Kwa kutembea wanataka barafu safi ya sentimita kumi angalau, na kwa gari zaidi ya mara mbili ya hapo. Usikanyage ziwa bila mwenyeji aliyelipima, hata ukiona wengine wamo.

Ziwa Superior lenyewe, lile lililo mbele ya mji, lina eneo kubwa kuliko Victoria letu. Mimi mtoto wa bandari nilijisikia nyumbani kuangalia meli za madini ya chuma zikipita chini ya daraja linaloinuka. Ikifika tarehe 15 Januari milango ya maji ya Soo, ile inayopitisha meli kuingia na kutoka ziwani, inafungwa, meli zinatia nanga kungoja Machi 25, na mji unanyamaza. Asubuhi kali mvuke unapanda kutoka majini kama sufuria ya ugali. Mara mbili niliona majua matatu kwa mpigo, moja la kweli na mawili ya uongo kila upande, kwa sababu ya chembe za barafu hewani.

Na mwisho wa Januari kuna mashindano ya mbwa wanaovuta sleji, yanayoitwa kwa jina la John Beargrease, Mwojibwe aliyekuwa akipeleka barua kwa mbwa kando ya ziwa mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya posta kusimama wiki ile, baba mwenyeji alisema wangemwita Beargrease.

Krismasi ikoje kwa Mwislamu?

Nilikaa nao, nikafungua zawadi, nikapewa soksi za sufu jozi nne. Kanisani nilialikwa, nikashukuru, nikabaki na bibi jirani. Watu wa asili ya Norwe wanakula samaki mkavu aliyelowekwa kwenye maji makali ya magadi hadi anatetemeka kama tambi za jeli. Nilionja kwa heshima. Lakini wana chapati yao ya viazi, nyembamba, inageuzwa kwa mti mrefu bapa, wanapaka siagi na sukari. Bibi alinipa kifimbo cha kusukumia kunipima. Nikasukuma mduara kama alivyonifundisha mama. Alinyamaza, akaita dada yake kwa simu.

Nitembeeje nisianguke?

Kama bata. Hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Saa za kupiga simu nyumbani?

Wakirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba, tofauti inakuwa saa tisa. Kwako saa moja asubuhi, Tanga saa kumi jioni. Piga kabla ya shule. Ukipiga usiku wako, utawaamsha alfajiri na watadhani msiba.

Kweli hakuna mtu anayekutembelea kipindi kile?

Hodi za ghafla hakuna. Majirani unawaona Oktoba, unawaona tena Aprili. Lakini mgeni akija, wanajua kusindikiza kutushinda. Anapiga mapaja, anasema haya basi, na hiyo ni dakika ya kwanza tu. Wanasimama kuongea sebuleni, wanaongea kwenye viatu, wanaongea barazani, wanamfuata hadi kwenye gari, dirisha linashushwa, wanaendelea, nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nilijiona niko Ngamiani, mtaani kwetu Tanga.

Inaisha lini?

Watakuambia Machi. Aprili 2019 ilikuja dhoruba nyingine ya theluji nikiwa nimeshafungia buti. Usifungie buti.

Koti nirudi nalo?

Uzito wa mabegi hauruhusu, na Tanga utalivaa wapi. Langu nililirudisha kwenye msumari wake kule chini, karibu na beleshi la bluu, na msichana aliyefuata, kutoka nchi nyingine, amelivaa. Glavu za ngozi nilirudi nazo. Mama anazitumia kuondolea mfuniko wenye makaa akioka mkate wa kumimina.